Uteuzi wa Kaliba ya Bastola kwa Kazi ya Upolisi na kwa Matumizi Binafsi: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Maamuzi ya FBI, 1986–2016

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna kaliba ya bastola inavyoteuliwa na vyombo vya ulinzi na raia, kwa kuchunguza maamuzi ya Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) tangu mapigano ya Miami ya mwaka 1986 hadi shirika hilo liliporejea kaliba ya milimita 9. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko hayo hayakuletwa na ugunduzi wa risasi iliyo bora kuliko zote, bali na mabadiliko ya kitu kilichokuwa kinapimwa. Inabainishwa pia kuwa mnunuzi binafsi huazima jibu la polisi pasipo kuazima swali lililolizaa jibu hilo.

1.0 Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 1986, katika mtaa wa makazi kusini mwa Miami, wapelelezi wanane wa FBI walipambana kwa risasi na watu wawili waliotuhumiwa kwa wizi wa kutumia silaha katika mabenki na magari ya fedha. Mapambano hayakufika dakika tano. Wapelelezi Jerry Dove na Benjamin Grogan waliuawa, wenzao watano wakajeruhiwa, na watuhumiwa wote wawili, Michael Platt na William Matix, wakafa papo hapo.

Katika uchunguzi uliofuata, risasi moja ilizungumzwa kuliko nyingine zote. Mwanzoni mwa mapambano, risasi ya milimita 9 iliyotoka katika bastola ya Dove ilimpiga Platt mkono wa kulia, ikapita kwenye msuli, ikaingia kifuani, ikaharibu pafu, kisha ikasimama takriban sentimita 2.5 kabla ya kufika moyoni. Jeraha lile lilikuwa la kumuua. Hata hivyo halikumuua upesi, na katika muda uliobaki Platt aliendelea kufyatua bunduki yake ya Ruger Mini-14 na kuwaua wapelelezi wawili, akiwemo yule aliyempiga.

Sentimita hizo mbili na nusu ndizo zilizoanzisha mjadala wa miaka 30 kuhusu kaliba. Makala hii inaufuata mjadala huo kwa sababu mbili. Kwanza, FBI iliweka maandishi ya hoja zake, jambo ambalo vyombo vingi vya ulinzi duniani havifanyi, hivyo mtafiti anaweza kuona sababu zilizotolewa na siyo uamuzi peke yake. Pili, maamuzi ya FBI yaliigwa na idara nyingi za polisi nchini Marekani, na kupitia idara hizo yakawafikia raia wanaonunua bastola za kujilinda.

2.0 Dhana ya kaliba

Kabla ya kuendelea ni lazima istilahi ziwekwe sawa, kwani Kiswahili hutumia neno risasi kwa mambo matatu: madini yenyewe, kile kipande kinachoruka, na kitu kizima chenye ganda, baruti na fataki. Katika makala hii, risasi ni kile kitu kizima. Kipande kinachoruka kitaitwa kichwa cha risasi. Neno kaliba nalo lina nasaba ya kuvutia. Wanaleksikografia wengi wa lugha za Ulaya hulirejesha kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya umbo la kusubia madini, yaani lile lile lililotupatia kalibu ya mhunzi. Kwa hiyo neno hili limeingia pwani yetu kwa milango miwili, mmoja wa jahazi na mwingine wa bunduki.

Kwa maana finyu, kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu au cha kichwa cha risasi. Kwa matumizi ya kila siku, ni jina la aina ya risasi, na jina hilo halisemi kweli kila mara. Risasi iitwayo .38 Special na ile iitwayo .357 Magnum zina vichwa vyenye kipenyo kile kile cha inchi 0.357, kinachozitofautisha ni urefu wa ganda na shinikizo la baruti. Kinyume chake, risasi ya milimita 9 ya Luger na ile ya Makarov zote huitwa "tisa", ilhali ya Makarov ina kichwa kinene zaidi na ganda fupi zaidi, na haifai kutiwa katika bastola ya Luger. Anayenunua kwa kutaja namba peke yake anaweza kurudi nyumbani na kisichoingia katika silaha yake, au kibaya zaidi, kinachoingia lakini hakikustahili kuingia.

Mjadala unaohusika hapa ni wa risasi tatu. Ya kwanza ni ya milimita 9, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Ya pili ni .45 ACP ya John Browning, iliyopokewa na Jeshi la Marekani pamoja na bastola ya M1911 katika mwaka 1911. Ya tatu ni .40 S&W, iliyotangazwa mwaka 1990, ambayo ni mtoto wa moja kwa moja wa tukio la Miami.

Tarakimu zao hushangaza. Kichwa cha kawaida cha milimita 9 kina tungamo la gramu 8 na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 355 kwa sekunde, cha.40 kina gramu 11.7 na kasi ya karibu mita 300, cha.45 kina gramu 14.9 na kasi ya karibu mita 255. Tukikokotoa nishati kwa kanuni ya nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi, tunapata takriban jouli 504, 526 na 484. Hizo zinakaribia kuwa sawa, na ile kubwa kwa kipenyo ndiyo ya mwisho kwa nishati. Tofauti inaonekana tunapokokotoa momenta, yaani zao la tungamo na kasi, ambayo ndiyo humrudia mfyatuaji mkononi kama teke. Hapo milimita 9 hutoa takriban 2.8, .40 hutoa 3.5, na .45 hutoa 3.8 kwa kipimo cha kilogramu-mita kwa sekunde. Kwa maneno mengine, anayehama kutoka 9 kwenda .45 hapati nishati zaidi. Anapata tundu pana zaidi na teke lililoongezeka kwa theluthi moja.

3.0 Kilichopimwa

3.1 Ng'ombe wa Chicago

Imani kwamba kaliba kubwa "huangusha" ina historia inayojulikana. Katika vita vya Marekani nchini Ufilipino, wanajeshi walilalamika kuwa bastola zao za .38 hazikuwazuia wapiganaji wa Moro waliowavamia kwa mapanga. Mwaka 1904 Jeshi liliwateua John T. Thompson na Meja Louis LaGarde, daktari, wafanye majaribio. Walifyatua risasi za kaliba mbalimbali kwenye maiti za binadamu na kwenye ng'ombe hai katika machinjio ya Chicago, wakahitimisha kuwa bastola ya kijeshi isiwe na kaliba iliyo chini ya .45.

Hitimisho hilo ndilo linalokumbukwa. Lisilokumbukwa ni kwamba ripoti hiyo hiyo ilionya kuwa sehemu kubwa ya mwili wa binadamu haitoi tumaini la kumsimamisha mtu kwa risasi ya bastola, na kwamba kwa sababu hiyo askari wafunzwe kulenga shabaha bila kuchoka. Kwa maoni ya mwandishi, sentensi hiyo ya pili ilikuwa na thamani kuliko ile ya kwanza, lakini jeshi linaweza kuagiza kaliba kwa barua moja, wakati mazoezi hugharimu kila mwaka.

3.2 Tundu la muda na tundu la kudumu

Kichwa cha risasi kinapopita mwilini hufanya matundu mawili. Moja ni la kudumu, yaani njia ya tishu iliyosagwa. Jingine ni la muda: tishu husukumwa pembeni kwa kasi kisha hurudi mahali pake, kama maji yanavyofunguka na kujifunga nyuma ya jiwe. Katika miaka ya 1970, vipimo vilivyokuwa na ushawishi nchini Marekani vililithamini sana tundu la muda. Vichwa vyepesi, vyenye kasi, vinavyotanuka mapema ndivyo vilivyopata alama za juu, hata kama havikwenda mbali.

Risasi ya Dove ilikuwa ya jamii hiyo. Ilitanuka na ikasimama, yaani ilitenda kama ilivyokusudiwa na waliobuni kipimo. Hapa ndipo mwandishi anapotofautiana na simulizi iliyozoeleka kwamba "milimita 9 ilishindwa Miami". Kilichoshindwa ni kipimo kilichoisifu risasi ile; kaliba ilibeba lawama kwa kuwa ilikuwa na jina linalotamkika kwa urahisi.

Semina ya wataalamu wa majeraha ya risasi iliitishwa katika Chuo cha FBI, Quantico, mwaka 1987. Mmoja wa wataalamu waliokuwa na sauti kubwa katika taaluma hiyo ni Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi, aliyesisitiza kuwa kwa kasi za bastola tundu la muda haliharibu sana tishu zinazovutika. Mwaka 1989 Urey Patrick wa FBI aliandika waraka uliogeuza mwelekeo. Alieleza kuwa mtu husimama mara moja iwapo tu ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo imeharibiwa. Vinginevyo husimama kwa kupoteza damu, na hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo hubaki na oksijeni ya kutosha kwa kitendo cha hiari kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa mantiki hiyo, sifa ya kwanza ya risasi ya kazini ni kupenya hadi kwenye viungo muhimu kutoka pembe yoyote, hata kupitia mkono ulionyooshwa. Kiwango kikawekwa: inchi 12 kwa uchache, na kisizidi inchi 18, ndani ya jelatini maalumu, baada ya kupita katika vizuizi kama nguo nzito, bati, mbao na kioo cha gari.

Kipimo kipya kikaleta kaliba mpya. FBI iliteua milimita 10, lakini kwa kuwa teke la risasi hiyo katika nguvu yake kamili lilikuwa kali, ilitumia baruti iliyopunguzwa. Wahandisi wa Smith & Wesson na Winchester wakaona lililo dhahiri: ikiwa baruti imepungua, ganda refu linabeba hewa. Wakalifupisha, ikapatikana .40 S&W, inayoingia katika bastola yenye umbo la milimita 9. Idara nyingi za polisi ziliipokea katika miaka ya 1990, na FBI yenyewe ikahamia .40 mwaka 1997.

3.3 Takwimu za "risasi moja"

Sambamba na mkondo wa maabara ulikuwepo mkondo wa takwimu za mitaani. Kitabu cha Evan Marshall na Edwin Sanow cha mwaka 1992 kilizipanga risasi kwa asilimia za matukio ambapo mtu alisimama baada ya kupigwa mara moja. Kilisomwa sana, na orodha zake bado hutajwa madukani. Kasoro yake ni ya kimbinu, na mwanafunzi yeyote wa utafiti ataiona: waliopigwa zaidi ya mara moja waliondolewa kwenye hesabu. Lakini mtu hupigwa mara ya pili, kwa kawaida, kwa sababu ya kwanza haikumsimamisha. Kwa hiyo sampuli iliwatupa nje wengi wa wale walioshuhudia kushindwa kwa risasi, kisha ikahesabu mafanikio ya waliobaki.

3.4 Mfyatuaji mwenyewe

Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI iliandika sababu za kurejea milimita 9. Ilikiri kuwa, kwa vichwa vya kisasa vilivyotengenezwa ili kufaulu kipimo cha 1989, milimita 9, .40 na .45 hupenya kwa kiwango kinachokaribiana, na kwamba tofauti za majeraha haziwezi kutambuliwa kwa uhakika. Kisha ikataja lile ambalo vipimo vyote vya awali vilikuwa vimeliacha nje ya maabara: kwa wastani, maafisa humpiga mlengwa kwa asilimia 20 hadi 30 tu ya risasi wanazofyatua katika tukio halisi. Ikiwa risasi saba kati ya kumi zinakosa, basi upana wa tundu la ile inayopata ni jambo la pili. La kwanza ni kuongeza zinazopata, na hapo teke dogo, ufyatuaji wa haraka na wingi wa risasi katika magazini huwa na uzito. Bastola kubwa ya Glock katika milimita 9 hubeba risasi 17, katika .40 hubeba 15, na katika .45 hubeba 13. Mwaka 2016 FBI ilitoa mkataba wa bastola za milimita 9.

Wapo waliosema FBI imezunguka mduara na kurudi ilipoanzia. Sivyo. Milimita 9 iliyorejewa siyo ile ya 1986. Kichwa chake kimebuniwa kwa masharti ambayo yaliandikwa kwa sababu ya Dove na Grogan. Kaliba za .40 na milimita 10, kwa mtazamo huu, zilikuwa daraja la miaka ambayo ufundi wa vichwa vya risasi ulikuwa bado haujafikia masharti hayo.

Jambo moja halimo katika mzunguko huu wa vipimo. Katika mapambano ya Miami, wapelelezi wengi walikuwa na bastola dhidi ya bunduki ya masafa, na wawili wao walipoteza bastola zao magari yalipogongana. Aliyemaliza mapambano, Edmundo Mireles, alitumia kwanza bunduki ya marisau kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umevunjwa na risasi, kisha rivolva yenye risasi za .38 Special, ndugu wa kaliba iliyolalamikiwa Ufilipino. Swali la kwa nini wapelelezi walikutana na watu wenye bunduki wakiwa na bastola linahusu mipango, na taasisi yoyote hupendelea kulijibu kwa kubadilisha vifaa.

4.0 Kazini na nyumbani

Mahitaji ya polisi hayafanani na ya jeshi. Azimio la Hague la mwaka 1899 linakataza vitani vichwa vinavyotanuka mwilini, hivyo majeshi kwa kawaida hutumia vilivyovikwa koti kamili la metali. Polisi hufyatua mahali palipojaa wapita njia, na kichwa kisichotanuka humpita mlengwa kikaendelea na safari. Idara ya Polisi ya New York, iliyoanza kuruhusu bastola za milimita 9 mwaka 1993 kwa vichwa vya koti kamili, iliamua mwaka 1998 kuhamia vile vyenye ncha iliyotobolewa, ikitaja hatari hiyo kwa watu wa pembeni na kwa maafisa wenyewe. Ieleweke kuwa kaliba haikubadilika. Kilichobadilika ni umbo la kichwa, na matokeo kwa aliyesimama nyuma ya mtuhumiwa ni makubwa kuliko tofauti ya 9 na .45.

Kwa raia mwenye kibali, orodha ya maswali hubadilika tena. Hategemei kufyatua kupitia kioo cha gari linalokimbia. Kizuizi chake ni ukuta wa chumba, na nyuma ya ukuta huo ni watoto wake au jirani. Kwake kupenya ni hatari kwa kiwango kile kile ambacho kwa mpelelezi ni sifa. Hana mkufunzi anayemlazimisha kufanya mazoezi, na bei ya risasi humwamulia ni mara ngapi ataenda uwanjani kulenga shabaha. Milimita 9 ni nafuu kuliko.40 na .45 kwa kuwa hutengenezwa kwa wingi zaidi. Bastola yake mara nyingi ni ndogo ili ifichike, na kadiri silaha inavyokuwa nyepesi ndivyo teke la risasi ile ile linavyozidi. Risasi ya .40 inayostahimilika katika bastola nzito ya kazini huwa karaha katika bastola nyepesi ya mfukoni. Kwa mwenye mkono dhaifu, mzee au mgonjwa wa viungo, hata milimita 9 yaweza kuzidi, na risasi ndogo kama .380 ACP, ambayo hupata taabu kufaulu kipimo cha inchi 12 ikiwa kichwa chake kitatanuka, bado humfaa kuliko kubwa asiyoweza kuidhibiti.

Ulinganishaji ulio wa haki kwa mtu huyo ni rahisi. Apewe bastola mbili za umbo moja, moja ya milimita 9 na nyingine ya .40 au .45, afyatue risasi tano kwa kila moja kuelekea shabaha ile ile, umbali ule ule wa mita saba, huku muda ukihesabiwa, kisha karatasi mbili ziwekwe kando kwa kando. Mara nyingi swali la kaliba hujibiwa hapo, na jibu la mume linaweza kutofautiana na la mkewe ingawa nyumba ni moja. Kama silaha ni ya wote wawili, iteuliwe kwa karatasi ya yule aliyefanya vibaya zaidi. Fedha inayobaki kwa kuacha kaliba ya bei kubwa inatosha kuanzia kununua kasha la chuma lenye kufuli, maana bastola ya nyumbani hukaa miaka mingi bila kufyatuliwa, na katika miaka hiyo yote iko karibu na mikono ya watoto kuliko ya mwizi.